Tansiyo ya Saa Nane na Dakika Arobaini

Generoza alikuwa anachambua maharage ya jioni simu ilipolia. Aliitazama kwa mashaka, maana ilikuwa Ijumaa, na Kaoutar, muuguzi wa kituo cha afya, humpigia Jumanne asubuhi.

"Mama Generoza, amahoro. Uko umeketi?"

"Amahoro, mwanangu. Nimeketi. Kuna nini?"

"Kichwa kinauma? Mkono mmoja umelegea? Sema maneno mawili matatu nikusikie."

"Nimesema mengi tayari. Wewe ndiye hujasema."

Kaoutar hakucheka. Alisema tangu mchana alikuwa anachanja watoto, ndiyo kwanza amefungua simu ya kazi. Ameikuta tansiyo, presha ya damu, iliyotoka kwenye mashine ya Generoza: mia mbili na kumi na mbili kwa mia moja na ishirini na nane. Imepimwa saa nane na dakika arobaini. Kwa mtu mzima namba hiyo ni hatari, damu inasukuma mpaka mshipa wa kichwani unaweza kupasuka. Gari la kituo ni moja, linarudi kutoka Minago, na linakuja moja kwa moja kwake.

Generoza aliweka ungo chini. Kichwa hakikumuuma. Na saa nane na dakika arobaini mashine haikuwa mkononi mwake.

Mashine ile aliletewa miezi mitatu nyuma: mkanda wa kufunga juu ya kiwiko, na kidude chenye kioo kidogo. Ukipima, namba zinaingia kwenye simu na simu inazipeleka zenyewe kwa muuguzi, ili wazee wenye tansiyo na sukari wasipande pikipiki kila wiki kwenda kupanga foleni. Kaoutar alimwambia mara mbili kwamba ni ya mkono wake peke yake. Akaitikia mara mbili.

Lakini mwanamke gani anakaa na kitu kama hicho nyumbani, halafu amnyime jirani? Kinu chake kinatwangia mtaa mzima. Viti vyake vinajulikana katika kila matanga. Wiki ya pili tu Marcelina alikuwa amekunja mkono wa gauni, akafuata Agneta, akafuata Mwanahamisi, na Ijumaa ikawa siku yao. Generoza alikuwa anazima simu kwanza, ili namba za watu zisiende kwa muuguzi. Leo hakuizima. Alikuwa anangoja binti yake Eliana apige kutoka Nyanza-Lac.

"Mama? Uko hapo?"

Angeweza kunyamaza. Gari lingekuja, wangempima, wangekuta hana neno, wangesema mashine imekosea. Mashine ingebaki kwake. Na mwenye mkono ule angekuwa wapi wakati huo?

"Si mkono wangu," alisema.

Kaoutar akauliza taratibu, "Ni wa nani?"

"Walikuja watatu."

"Wote ulisoma namba zao?"

Hapo Generoza alihisi uso unamchoma. Maana kusoma ndiyo iliyokuwa heshima yake tangu utoto. Alivuka kutoka Burundi kwenda Tanzania mwaka wa sabini na mbili, akikimbia mauaji, akiwa na miaka kumi na miwili, na huko akamaliza darasa la saba, jambo ambalo wasichana wenzake wengi hawakulipata. Kambini barua zote za wanawake zilipita kwake. Alijifunza mapema kwamba mama akisubiri na mtoto mgongoni, hufungui barua na kumtupia kifo usoni. Unaanza na salamu, unaongeza salamu, na mengine unayapunguza. Walimpenda kwa hilo. Aliporudi Rumonge alikuwa bado yule yule anayesomea watu karatasi zao.

Leo mchana miwani ilikuwa chumbani, droo ya chini. Mgeni ameketi, mkanda umeshavimba mkononi, na mgeni mwenyewe ni mtu wa kumwita bibi kizee kila akimwona na miwani. Kioo kikawaka. Generoza akaona ukungu, akataja namba anazozijua kwa moyo, zile za siku zake nzuri: mia na thelathini kwa themanini.

"Nilisoma za wawili," alimwambia Kaoutar.

"Huyo wa tatu alikuwepo saa ngapi? Eliana alikupigia saa ngapi? Simu imeandika."

Alienda kuchukua miwani, akatazama. Saa tisa na dakika tano. Marcelina aliondoka zamani, wanaume wakiwa ndiyo wanatoka sala ya mchana msikitini. Agneta aliingia Eliana akiwa bado anaongea. Katikati alikuja mmoja tu.

"Mwanahamisi," alisema. "Mama Tahiri."

Alikata simu ya Kaoutar, akampigia Mwanahamisi. Simu iliita mpaka ikachoka. Akapiga tena. Ijumaa baada ya alasiri Mwanahamisi huwa kwenye banda la kukamulia mawese, ng'ambo ya barabara kuu, na simu yake huiacha kwenye mfuko juu ya msumari. Generoza alitia mashine kwenye kikapu na kutoka bila kufunga mlango. Akampigia Kaoutar akiwa njiani, akamwelekeza banda lilipo, na hakuikata simu. Magoti yalikuwa yanamuuma. Alipita michikichi ya kwanza, ya pili, akihema, anauona moshi na haufikii.

Mwanahamisi alikuwa amesimama kando ya pipa linalochemka, anakoroga kwa mti mrefu. Nestori, kibarua wake, alikuwa anasukuma mti wa kukamulia.

"Ee, Mtanzania," Mwanahamisi alisema. "Mawese ya mkopo leo hayapo."

"Mama Tahiri, toka hapo kwenye moto."

"Nikitoka yanaungua."

"Nestori atakoroga. Toka, nakuomba."

"Una nini? Si umenipima wewe mwenyewe, ukasema tansiyo yangu ni ya msichana wa kuolewa."

"Sikuisoma."

Nestori aliacha kusukuma. Mwanahamisi alimgeukia Generoza taratibu. "Si ulitaja namba?"

"Nilitaja za kwangu. Miwani ilikuwa ndani. Nilikuonea aibu."

"Miaka yote hii unatusomea," alisema Mwanahamisi, na neno la mwisho likatoka zito, kama la mtu mwenye chakula mdomoni. Mti ukamtoka mkono wa kushoto, ukaanguka ndani ya pipa. Aliutazama ule mkono kama wa mtu mwingine.

Nestori ndiye aliyemdaka. Walimlaza mbali na moto, kichwa juu ya gunia lililokunjwa. Generoza alivaa miwani, akafunga mkanda, akasoma kwa sauti ili simu isikie: mia mbili na kumi na nne kwa mia moja na thelathini.

"Mlaze hivyo hivyo, kichwa juu kidogo," ilisema sauti ya Kaoutar. "Asile, asinywe hata maji. Na dawa yoyote hapana. Hata ile yako uliyofunga kwenye kitenge, Mama."

Vidole vya Generoza vilikuwa tayari kwenye fundo. Akaviondoa.

"Gari liko wapi?"

"Limepita daraja. Endelea kumsemesha."

Kumsemesha nini? Maneno ya kupoza yalimjia yote, kwa mazoea, akayaona hayafai kitu.

"Ngapi?" Mwanahamisi aliuliza, mdomo umekwenda upande.

Generoza alimtazama machoni. "Mia mbili na kumi na nne. Ni mbaya, dada. Mbaya sana. Gari linakuja."

Mwanahamisi alifumba macho, akamshika kidole kwa mkono uliobaki na nguvu. Hakukiachia mpaka gari lilipopiga honi barabarani.

Alikaa hospitali siku kumi na mbili. Alirudi anatembea kwa fimbo. Mkono wa kushoto unashika kikombe, mti wa kukorogea bado.

Siku Kaoutar alipokuja kuwaona, Generoza alikuwa amekwisha rudisha mashine kwenye boksi lake, ameifunga kamba na kuiweka mezani. Mwanahamisi alikuwa ameketi pembeni, Marcelina na Agneta mlangoni. Kaoutar alikata kamba, akatoa mkanda, akangoja. Generoza alinyoosha mkono. Mkanda ukabana, ukalegea.

"Soma, Mama."

Alifuta miwani kwa upindo wa kitenge, akaivaa.

"Mia na hamsini na nane kwa tisini na sita," alisema mbele yao wote. Haikuwa namba nzuri. Kaoutar aliandika, kisha akatoa kwenye begi boksi la pili, jipya, akaliweka juu ya mapaja ya Mwanahamisi.

"Hii ni ya mkono wako peke yako," alisema.

"Nimesikia," Mwanahamisi alijibu, bado kwa uzito kidogo. "Lakini atanisomea yeye. Na miwani aje nayo usoni."