Sauti ya Mama Chini ya Ardhi

Juzi, katika stesheni ya chini ya ardhi, mtoto mmoja aliuliza kwa Kiswahili, "Mama, treni iko wapi?" Mama yake akamfinya mkono. Nikaikumbuka alasiri moja ya utoto wangu.

Tulitoka mtaani kwetu Berea, mimi na mama. Kabla ya kushuka ngazi aliniinamia. "Kule chini ni wewe utasema," aliniambia, kisha akafunga mdomo. Kulinuka chuma na sabuni ya sakafu, na upepo wa treni ulitufikia kabla ya treni yenyewe. Wanaume wawili wakasimama mbele yetu. Mmoja akamuuliza mama saa, kwa Kizulu. Mama akanifinya mkono. Nikajibu mimi, kwa Kizulu changu cha mtaani. Yule mwanamume alimkazia macho mama, akacheka, wakaenda zao.

Niliamini sauti ya mama hukatika chini ya ardhi, kama simu inavyokosa mtandao, na nilijivunia kumsemea. Kumbe hawakutaka saa. Walitaka kusikia lafudhi yake, wajue kama ni mgeni; siku hizo wageni walipigwa.

Basi juzi nikamsalimia yule mtoto kwa Kiswahili. Akafungua mdomo kunijibu. Mama yake akauziba kwa kiganja.