Mlalamikaji wa Ngitili

Msimu ule wanunuzi binafsi wa pamba walianza kumiminika vijijini kwetu, upande wa Kasoli. Mimi nilikuwa nimerudi kwa mama baada ya kuzurura Mwanhuzi, Maswa na kwingine ambako sikukaa hata wiki. Shule niliiacha darasa la tano. Lakini pale Bariadi nilikuwa nasimama dirishani mwa mahakama ya mwanzo asubuhi nzima, nikisikiliza kesi za watu kama wengine wanavyosikiliza mpira redioni.

Mnunuzi mmoja alinipa kazi ya kumtafutia nguzo za banda la kupimia pamba.

"Kakate pale," alisema, akionyesha ngitili ya kijiji, pori la malisho linalofungwa tangu masika ili ng'ombe wakute nyasi kiangazi kikikaza. "Pori si la mtu."

Aliyasema akiangalia kando, nikamshuku. Hata hivyo nilikata migunga saba.

Kesho yake niliitwa dagashida, mkutano wa jadi wa wanaume wa kijiji. Mwenyekiti wake, mzee aliyetushinda wote kwa ng'ombe, alidai dume la faini. Mama alikuwa na dume moja tu, la kukokota plau, na nilishahisi ni nani wangekula nyama yake. Nikasimama kama wakili.

"Mlalamikaji ni nani?"

"Ngitili," alisema mwenyekiti.

"Basi iitwe, ije ieleze. Mahakamani, kesi isiyo na mlalamikaji inafutwa."

Watu waliangua kicheko. "Hilo ni darasa la tano!" mmoja alipaza sauti. "Lingefika la saba lingetufunga sote!"

Wazee walinong'onezana. "Sawa, ngosha, mwanamume wewe," mwenyekiti akasema. "Nenda. Hatuna kesi na wewe."

Ushindi mwepesi namna ile ulinitia wasiwasi, na hazikupita siku mbili nikaelewa. Mama alikwenda kwa jirani kuomba moto, akaambiwa umezimika, huku moshi unatoka juu ya paa. Kisimani wanawake walimpisha bila kumsalimia. Pamba yake ilikuwa imepasuka shambani na hakuna aliyekuja kumsaidia kuvuna.

"Mayu, hawa wanataka dume tu," nilimwambia mama.

"Wangelitaka wangelichukua siku ile. Nikifa, nani atanichimbia kaburi? Wewe na mahakama yako?"

Nikarudi kwa mwenyekiti, nikamwambia niko tayari kulipa.

"Umlipe nani? Si ulisema hakuna aliyekosewa?" Akaelekeza fimbo yake ngitilini. "Kavilinde visiki vyako. Ng'ombe wanapenda machipukizi. Vikichipua vyote saba, tutajua vimekusamehe."

Nikahamia ngitili, nikiwashuku wote. Nilijiuliza kama mwenyekiti hajajipatia tu mlinzi wa bure. Nilikagua njia nione kama gari la mnunuzi limepita kimyakimya. Kila asubuhi nilivizunguka visiki, nikavizoea hata nikajua kipi kiko kwenye mawe na kipi kinapata kivuli. Viwili vilipotoa majani ya kwanza, nilijikuta nikitabasamu peke yangu kama mjinga.

Wiki ya tatu niliteremka kisimani, nikarudi nikakuta ng'ombe ndani. Mchungaji hakuonekana. Alama za masikio nilizifahamu: walikuwa wa mwenyekiti. Machipukizi ya visiki vile viwili yalikuwa yameliwa mpaka kwenye ganda.

Niliwaswaga hadi uwanja wa mkutano, nikapiga yowe. Wanaume wakakusanyika.

"Mlalamikaji ni nani?" aliuliza mwenyekiti mwenyewe, uso mkavu.

Nilitazama huku na huku nikitafuta mtu mwingine wa kusimama. Hakuwepo.

"Mimi," nikasema. "Kwa niaba ya visiki viwili."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mwenyekiti alitoa dume la faini siku ileile, bila ubishi, kwa wepesi uleule walioniachia nao mimi. Mpaka leo sijui kama ng'ombe wale walipotea njia au walitumwa. Miaka mingi baadaye nilimuuliza mchungaji wake. Alinikaribisha maziwa na kuniuliza habari za Mwanhuzi.

Jioni ya siku ile ya yowe, jirani yuleyule alisimama mlangoni kwetu, kigae cha kubebea makaa mkononi.

"Moto wangu umezimika," alimwambia mama.

Nikachungulia upande wa kwake. Moshi ulikuwa unatoka juu ya paa. Nilifungua mdomo, mama akanikanyaga mguu, kisha akaingia ndani kuchukua makaa.