Mwaitu Apigiwa Simu ya Deni

Kijana aliyenipigia simu Jumatatu ile hakunijulia hata hali. Aliuliza tu, "Naongea na Nabiswa Redio?"

Nilikuwa nimeinamia kikaango changu cha chapati pale langoni mwa ploti yetu, mtaani Umoja, nikadhani sikusikia vizuri. Nikamuuliza, Nabiswa nani? Akarudia bila haya: Nabiswa Redio, ndivyo nilivyoandikwa kwenye simu ya Bwana Mativo. Mativo alikuwa amekopa pesa kwa simu, siku ya kulipa imepita, na sasa hashiki simu. Basi wao wanawapigia watu anaojuana nao ili wamkumbushe.

Nilikasirika mara mbili. Kwanza, deni la mtu mwingine linanihusu nini mimi? Pili, Redio! Mativo ni jirani yangu wa ghorofa ya pili, mlango wake unatazamana na wangu tangu mwanangu Javan akiwa wa kubebwa mgongoni. Kumbe miaka yote hiyo nikimsalimia ngazini, yeye anasalimiana na redio.

Lakini hasira yangu huwa haikai. Kinachokaa ni udadisi, na huo sijaupatia dawa. Mikopo hii ya simu naijua. Ukiiomba, kampuni inataka ruhusa ya kusoma majina yote yaliyo ndani ya simu yako, nawe kwa shida uliyo nayo unabonyeza kukubali bila kusoma. Hilo halikunishangaza. Nililotaka kujua ni pesa zenyewe zilikwenda wapi. Mativo ni mtu wa kanisa, hanywi, hachezi kamari, na shati lake la Jumapili ni lile lile. Je, Nthoki mkewe alikuwa na habari? Nikaapa sitafungua mdomo, nimwonyeshe kwamba redio pia huzimwa. Nilivyoteseka, ni Mungu tu anayejua.

Mativo ni Mkamba wa Mwingi, mchongaji wa vinyago. Ana meza yake kwenye banda la wachongaji kule Shauri Moyo, karibu na Gikomba. Huchonga twiga, miko na mabakuli, na siku mambo yakiwa mazuri mfanyabiashara wa mjini humchukulia mzigo mzima. Nthoki ni karani kwenye duka la jumla. Wana binti mmoja, Kavindu, aliyemaliza shule mwaka jana na kuitwa kwenye chuo cha uuguzi mwezi wa Septemba. Akingoja Septemba, alikuwa akinisaidia kusukuma chapati, na mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wangu, ingawa sikumwambia.

Huyo Kavindu ana jambo lake. Alipewa jina la mama yake Mativo, na kwa Wakamba mwanamume halitaji jina la mama yake ovyo ovyo. Kwa hiyo tangu binti yuko kwenye nepi, Mativo anamwita Mwaitu, yaani mama yangu. Hata sisi Wabukusu tuna desturi hiyo, mtoto aliyerithi jina la nyanya tunamwita kukhu, tunacheka, yanaisha. Mativo hakuwa anacheka sana. Hakuwahi kumchapa. Akitaka kusafiri alimuaga kwanza, msichana wa darasa la pili, naye akijibu kwa sauti ya kizee, "Nenda salama, mwanangu." Mimi nilikuwa nikiwatazama kupitia mlango wangu nikijiuliza mchezo huu utaishia wapi.

Mama mwenyewe, yule aliyemzaa Mativo, alifariki Kavindu akiwa kidato cha tatu. Baada ya mazishi, simu ya marehemu alipewa mjukuu, na laini yake ikiwa ndani. Kwenye simu ya Mativo namba ile ilikuwa imeandikwa Mwaitu. Haikubadilishwa, kwa kuwa hakukuwa na haja ya kuibadilisha.

Sasa sikiliza. Jumatano mchana simu ya Kavindu ikalia kwenye kiti. Mikono yake ilikuwa imejaa unga uliokandwa, akaibonyeza kwa kiwiko, ikafungua spika. Sauti niliitambua papo hapo. Ilikuwa ya yule kijana wangu wa Jumatatu, ila leo alikuwa na adabu za kanisani.

"Shikamoo mama. Naongea na mamake Mativo?"

Kavindu alinitazama. Nami nilikuwa nimeshika mwiko hewani. Nilidhani atasema hapana, umekosea. Badala yake akainamia simu, akaiteremsha sauti, akaikwaruza kidogo, kama alivyozoea kufanya nyumbani.

"Marahaba. Ni mimi. Wewe ni mtoto wa nani?"

"Mama, napiga kutoka kampuni ya mikopo. Kijana wako ana deni letu, na simu hashiki. Tunaomba uongee naye kama mzazi."

"Alikopa ya nini?"

"Hiyo hatuulizi, mama."

"Mnampa mtu pesa na hamuulizi ni za nini?"

Kijana akakohoa. Akaeleza kwamba mteja hujaza tu kiasi anachotaka.

"Na hii ni mara ya kwanza?"

Hapo kijana akafunguka, labda kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza kwa upole. Alisema Mativo amekopa tangu mwaka jana, na si kwao peke yao. Huchukua huku akalipe kule, kisha anachukua kule arudishe huku, na kila mzunguko deni linaongezeka kidogo. Lakini mama asiwe na wasiwasi sana, kwani Mativo ameahidi kumaliza yote Ijumaa. Kuna mtu anayenunua meza yake bandani, pamoja na vyombo vyote vya kuchongea.

Kavindu aliitazama mikono yake. Unga ulikuwa unamkaukia vidoleni.

"Mwanangu," alisema hatimaye, "umekula mchana?"

"Bado, mama."

"Kula. Mimi nitaongea naye."

Alipokata simu sikuweza kujizuia. "Wewe msichana! Hiyo sauti umeitoa wapi?"

Hakucheka. "Mama Javan, hiyo meza ndiyo inatulisha. Akiiuza, ile deni ingine atalipa na nini?" Akaanza tena kusukuma chapati, na kila aliyoisukuma ilitoka imepinda. Baadaye akaniambia, "Jioni twende pamoja kwetu. Nikishindwa kuongea, utasema wewe."

Mtu kama mimi haalikwi mara mbili.

Jioni jua lilikuwa bado linapiga kwenye nguo zilizoanikwa ukumbini, nje ya milango yetu. Nthoki alikuwa jikoni akikata sukumawiki, jikoni penyewe ni pazia tu. Mativo aliingia na vumbi la mbao kwenye nyusi, akaona niko, akanisalimia kwa macho ya wizi. Halafu akamgeukia binti yake kama kawaida.

"Mwaitu, umeshindaje?"

Kila siku jibu ni "Nimeshinda vyema, mwanangu," wanacheka, maji ya kunawa yanaletwa. Siku hiyo Kavindu alimvutia kigoda.

"Kaa chini. Ijumaa unauza nini?"

Mativo alinitazama mimi kwanza. Nikainua mikono yote miwili. "Sio mimi, Baba Kavindu! Kwa mara ya kwanza maishani mwangu, sio mimi!"

"Usimwangalie Mama Javan," Kavindu alisema. "Niangalie mimi. Mimi ni nani kwako?"

Nilifikiri atafoka. Baba mwingine angefoka, na pengine angekuwa na haki yake, kwani ni mtoto gani huyu wa kumkalisha mzazi kwenye kigoda? Niliona hasira ikimpanda hadi shingoni. Kisha ikakosa pa kushika, maana neno alikuwa amelitumia mwenyewe miaka yote hiyo, na sasa lilikuwa limesimama mbele yake likingoja jibu.

"Wewe ni Mwaitu," alisema polepole.

"Basi nijibu."

Akajibu. Yule mfanyabiashara wa mjini alichukua twiga wake akaahidi kulipa mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi haukuja. Kodi ya nyumba ikafika. Alikopa kidogo tu, mara moja. Kisha akakopa kulipa ile kidogo. Alisema tangu mama yake afariki hakuna mtu aliyeweza kumwambia jambo likatulia. Alitaka kumwambia Nthoki, ila kila akimtazama usiku amechoka, anaona aibu. Alisema aibu ndiyo iliyomla kuliko riba. Mwishoni aliingia Kikamba, akamuuliza binti yake jambo fulani kwa sauti ndogo. Kikamba sikijui, lakini swali la mtu anayeuliza afanye nini hueleweka kwa lugha zote.

 Kavindu akamwambia meza haiuzwi, tezo haziuzwi, hata patasi moja.

Hapo kisu kikanyamaza nyuma ya pazia. Nthoki akatoka, mikono imelowa, akaweka simu yake juu ya kochi mbele ya mumewe.

"Hata mimi niko nao," alisema.

"Uko na nini?"

"Mkopo. Hao hao."

Mativo alimtazama kama mtu aliyeamshwa ghafla. "Zile pesa ulinipa mwezi wa tatu, ukasema ni za ovataimu?"

"Ndizo. Uliniambia kodi imepungua."

"Nthoki, zile sikulipa kodi. Nililipa mkopo."

Nilikuwa mwepesi kuelewa kuliko wao, kwa sababu haukuwa mfuko wangu. Kampuni ilimkopesha mke, mke akampa mume, mume akairudishia kampuni, na wote wawili wakabaki wanadaiwa. Pesa zilipita ndani ya nyumba hii bila hata kununua unga, zikatoka zimenenepa. Nthoki alianza kucheka. Mativo naye akacheka. Kisha Nthoki akajifunika uso kwa kanga, na sikujua tena kama ni kicheko.

"Nyamazeni," Kavindu akasema, bado kwa ile sauti. "Kuna pesa yangu ya chuo kwa chama cha kanisa. Mama, Jumapili uitoe. Lipa yako, lipa na ya huyu. Septemba ingine itakuja."

"Hapana," Mativo alisema.

"Nimesema. Au mama akisema unabisha?"

Mativo akainamisha kichwa. Na hapo ndipo mimi nilipopata hasira ya kweli, kwani niliona ameinamisha kwa nafuu. Nilimwona, mabega yalishuka kama ya mtu aliyetuliwa gunia. Nilifungua mdomo niseme, Kavindu akaniwahi kutoka nje.

Nikamfuata ukumbini. Alikuwa amesimama katikati ya shuka za jirani zilizoanikwa, amezishika kwa mikono miwili, na mgongo unamtikisika.

"Kavindu. We Kavindu."

"Aki Mama Javan," alisema, na hii sasa ilikuwa sauti yake, sauti ya msichana aliyemaliza shule jana tu. "Mimi sitaki kuwa mama yao. Nataka kuenda chuo."

Nimezaa, nimelea, nimefiwa, na maneno ya kumfariji mtu ninayo mengi. Siku hiyo nilitafuta moja nikakosa. Nilimshika tu, unga wangu ukamwingia kwenye nywele. Nilijiuliza, tulipokuwa tukicheka kila mtoto akiitwa mama, kuna aliyewahi kumuuliza mtoto mwenyewe?

Nyuma yetu mlango ulifunguka.

"Kavindu!"

Tuligeuka sote wawili. Kwa miaka yote ya kutazamana milango, sikuwahi kulisikia jina hilo likitoka kinywani mwa Mativo. Nadhani hata yeye hakuwahi kujisikia akilitamka, kwa maana alisimama pale ukumbini ameshika fremu ya mlango, kama mtu aliyemtusi mamake mbele ya watu.

"Kavindu, mwanangu," alisema tena, mara hii kwa nguvu zaidi. "Pesa ya chuo haiguswi. Kyule, yule anayetaka kununua meza, simuuzii. Nitamkodisha upande mmoja, tutabanana. Huyo kijana wa simu nitampigia mimi mwenyewe kesho asubuhi, nimwambie nitalipa kidogo kidogo mpaka iishe, na kama jina langu wanalipeleka kwenye orodha ya wasiolipa, walipeleke. Mimi ndiye baba yako."

 Kavindu alijifuta uso kwa pembe ya aproni yangu.

"Ingia ndani ule," Mativo akamwambia. "Mamako amepika."

Akaingia. Mativo akabaki ukumbini akitazama sakafu, mikono haijui iende wapi, mpaka nilipomwambia na yeye aingie, chakula kinapoa.