Bahasha ya Roketi Kapuni

Nakusanya bahasha zilizopigwa muhuri wa posta siku roketi iliporushwa angani. Ndani huwa tupu; thamani yake iko nje. Jumapili iliyopita, hapa Ushirombo, mimi mwenyekiti wa ujenzi wa kanisa niliwahimiza waumini watoe bila kujibana. Nikatangulia mwenyewe, macho juu kama malaika, nikatumbukiza bahasha kapuni. Nilipokaa nikapapasa mfuko wa koti: bahasha ya sadaka ipo, ya roketi imekwenda.

Nikalifuata kapu, nikatia mkono. Mzee Masanja, mhazini wetu, akaudaka.

“Baba Kulwa, sadaka hairudishwi.”

“Shikamoo mzee. Hiyo bahasha yangu yenye muhuri ina thamani sana.”

“Marahaba. Basi tuione.”

Akaichana mbele ya kanisa zima, akaipindua, akaitikisa. Hakikudondoka kitu.

“Mwenyekiti,” akauliza taratibu, “sasa humu kapuni ulirudi kuchukua nini?”