Mayai ya Siki ya Mama Tunu

Swabaha, ambaye majirani wa Ngarenaro walimwita Mama Tunu, alianza kuuza mayai ya siki mwaka ule kiwanda cha nguo kilipomrudisha mumewe nyumbani. Mitumba ilikuwa imefurika sokoni, vitambaa vya kiwandani havina mnunuzi, na mafundi waliambiwa wangoje kuitwa. Hawakuitwa. Nasri, mumewe, akawa mtu wa kukaa barazani tangu asubuhi, amevaa shati lake la kazi, vifungo vyote vimefungwa.

Kazi ya kuchemsha mayai, kuyamenya na kuyahifadhi kwenye siki Swabaha alijifunza ujanani, jikoni kwa familia ya Wahindi wa Kigoa iliyomwajiri. Mayai alinunua kwa Kaanaeli, mama wa Kimeru aliyeyaleta kutoka Tengeru ndani ya ndoo ya pumba. Walikaa uani kwenye vigoda, wakachagua pamoja. Yai lililoelea kwenye beseni la maji lilirudi ndooni. Lenye ufa, hata mwembamba kama unywele, lilikaangwa siku hiyohiyo. Yale yaliyotagwa jana nayo hakuyataka.

"Wewe mwenzangu wa ajabu," Kaanaeli alicheka. "Watu wanagombania mapya, wewe unataka yaliyolala!"

"La jana halimenyeki, dada. Ganda linang'oka na mnofu, yai linabaki na mashimo. Na yai la mashimo siliweki kwenye chupa yangu."

Chupa zikijaa, alizipeleka kwenye baa ya Solomoni, akipitia mlango wa nyuma, mtandio umemfunika uso. Unga ulipatikana, na binti yao Tunu aliendelea na shule. Lakini maneno yalimfikia Nasri: mke wake analisha walevi. Alikula chakula kilichonunuliwa kwa pesa ya mayai yale, macho kwenye sahani.

Kisha mama yake Swabaha akaugua huko Kondoa, Swabaha akaondoka na Tunu kwenda kumuuguza. Nyuma yao Solomoni alituma ujumbe kwamba anataka chupa za kutosha kwa ajili ya sikukuu. Nasri alimpokea Kaanaeli mlangoni, akachukua ndoo nzima.

"Shemeji, haya ni ya leo asubuhi," Kaanaeli alimwambia. "Msubiri mwenyewe."

"Nimeendesha mitambo ya kufuma maisha yangu yote. Yai litanishinda?"

Aliyachemsha, lakini yalimshinda kumenya. Yalitoka yamebanduka banduka. Siki ilikuwa kidogo, akaiongezea maji. Akanoa spoku ya baiskeli, akatoboa kila yai ili siki iingie upesi, na chupa akazipanga dirishani penye jua, ambako zilikaa siku kadhaa mpaka mkewe aliporudi.

Swabaha aliziona kabla hajavua viatu. Akainua chupa moja, akaona matundu, akaona siki ilivyoingia ukungu.

"Baba Tunu, haya hayaendi kokote. Nayamwaga."

"Yana nini?"

"Yametobolewa. Yamekaa juani. Mtu akila haya…"

"Kiwanda kimenikataa," Nasri alisema. "Sasa hata mayai yangu nayo yamekataliwa?" Akafungua chupa, akala yai, akachukua jingine, akala, akimtazama. "Mbona sijafa?"

Swabaha angeweza kumpokonya. Lakini alimwona usoni, aibu imemjaa kama mtoto aliyechapwa mbele za watu, na mkono wake haukunyanyuka. Alibeba chupa zote, akazimwaga chooni.

Kesho yake Nasri alisugua macho. "Mama Tunu, mbona nawaona wawili?" Jioni kope zilianguka, ulimi ukawa mzito, chai ikatokea puani. Kwenye zahanati walisema ni malaria, wakamchoma sindano. Alipofikishwa hospitali alikuwa hawezi kuinua kidole, na daktari akasema ni sumu ya chakula kilichoharibika. Akili ilikuwa nzima. Machozi yalimtiririka kwenye masikio, na Swabaha akawa anayafuta kwa ncha ya mtandio mpaka kifua kilipoacha kupanda.

Baada ya maziko, kaka wa marehemu, Abasi, alimwita mbele ya wazee.

"Shemeji, ndugu yangu alikula nini?"

"Mayai."

"Ya nani?"

Kaanaeli alikuwa amesimama mlangoni, amekuja kutoa pole. Midomo yake ilifunguka. Swabaha akawahi.

"Yangu."

Nje, Kaanaeli alimshika bega. "Kwa nini hukusema aliyatengeneza mwenyewe? Watakutupa!"

"Nikisema, watamcheka kaburini. Mwache alale akiwa fundi."

Kweli walimtupa. Eda ilipokwisha alitolewa kwenye nyumba, na Abasi akamchukua Tunu akalelewe kwake Kisongo. Swabaha alihamia Tengeru, akipalilia mashamba ya mboga ya watu. Alipokwenda kumwona binti yake, Tunu alimpa shikamoo kwa mbali, akashika mlango nusu wazi, na soda aliyoletewa hakuinywa.

Siku ya harusi ya Tunu, Swabaha alifika alfajiri akiwa na kisu chake, ajiunge na wanawake kumenya vitunguu. Mke wa Abasi alikipokea kile kisu kwa adabu sana.

"Wewe mama wa bibi harusi, pumzika tu," alisema, akamwongoza hadi kwenye kiti karibu na geti.

Wanawake jikoni walifunika masufuria, wakamtazama mpaka alipokaa. Swabaha aliitandaza khanga yake mpya magotini, akaanza kuwapokea wageni.