Mabwawa Yasiyonuka

Mdogo wangu anajenga maghorofa. Mimi ni injinia wa mazingira, nasafisha maji taka ya mji mzima. Ukitaka kujua ni nani kati yetu anayesifiwa kila penye watu, muulize baba yetu. Au usimuulize, ataanza mwenyewe.

Baba alikuwa fundi mwashi mpaka magoti yakamgomea. Kwake kazi ni kitu unachokiona ukisimama barabarani na kuinua shingo. Kila Jumapili hupelekwa kwenye jengo jipya la mwanawe, akapapasa kuta na kugongagonga nguzo. Akirudi, chakula kinapoa mezani tukisikiliza habari za ngazi na roshani. Mimi natafuna, roho inaniuma. Nasema wazi: namwonea kijicho mdogo wangu, tena kijicho kilichonenepa. Tulisoma chuo kimoja, na alama zangu zilikuwa juu ya zake. Lakini nilipomwambia baba nimechagua mazingira, alidhani nitapanda miti. Alipojua ni mambo ya vyoo, akawa anawaambia majirani kwamba nafanya kazi "za maji", basi.

Nilitaka kitu kimoja tu: anione kazini kwangu, aseme neno moja la sifa.

Mabwawa yetu ya kusafishia maji taka yako nyuma ya stendi ya mabasi. Nilipoajiriwa, watu wa mtaa ule walikuwa wanakula madirisha yamefungwa, na abiria walipita wameziba pua. Vijidudu vinavyokula uchafu vilikuwa vinakosa hewa, na vikikosa hewa, bwawa huoza. Nilidai mashine za kupulizia hewa kwenye kila kikao, mpaka wakubwa wakawa wakiniona wanageuza njia. Zilipokuja, niliingia bwawani hadi mapajani kuzifunga. Nywele zilininuka mpaka mume wangu akahamia ukingoni mwa kitanda. Hatimaye maji ya bwawa la mwisho yakatakata, tukatia samaki, nao wakaishi. Samaki wale ndio cheti chetu, maana maji yakiharibika wao ndio wa kwanza kuelea tumbo juu.

Basi nikamleta baba. Nilimzungusha bwawa hadi bwawa, nikamweleza vijidudu, nikamwonyesha samaki. Akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Sasa kazi yenyewe iko wapi, mama?"

"Ndiyo hii, baba. Unasikia harufu yoyote?"

"Sisikii kitu."

"Basi hiyo ndiyo kazi yangu."

Alinitazama kama niliyemuuzia gunia tupu. Kisha akavuta pumzi ndefu, akavuta nyingine, macho yakamwenda kwenye kiwanja kitupu ng'ambo ya uzio. Uso ukamchangamka. Nikajua somo limeingia. Akatoa simu, akampigia mdogo wangu, akaweka sauti ya nje kwa kuwa masikio yake nayo yamechoka.

Akamwambia ameona kiwanja kizuri, hewa safi, stendi hapo hapo. Mdogo wangu akauliza ni wapi. Baba akamwelekeza.

"Baba, hapo si pananuka?"

"Nani kakwambia? Hapanuki hata kidogo."

"Dada yupo hapo? Dada, umefanyaje?"

Swali hilo nililisubiri miaka yote, na jibu lake lilikuwa limenijaa kooni. Sasa linatoka kinywani mwa yule yule ninayemwonea kijicho! Nilitamani kuitupa simu kwa samaki. Hata hivyo nikasogea nimjibu, taratibu na kwa ufasaha, ili baba asikie.

Baba akaivuta simu kwake.

"Mambo ya dada yako mtaongea nyumbani," akasema. "Wewe niambie, hapa zitakaa ghorofa ngapi?"