Maji ya Mama Mkwe

Mimi Mbeti nilikuwa mpishi katika gesti ya Wehliye kule Eastleigh, na Nafula alikuwa msimamizi wa vyumba. Mtu asitarajie nimseme vibaya. Niliona alichotendewa, nikaona na alivyokilipa, na hadi leo nikikumbuka hucheka peke yangu jikoni.

Nafula alikuwa Mbukusu, mkazi wa Huruma, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi. Zamani alifanya kazi katika gesti nyingine, ambako fundi mmoja aitwaye Phares alifunga boila ya gesi. Ilikuwa ndogo. Wageni walipotoka bafuni wakitetemeka, Phares alisimama mbele ya mwenye nyumba akauliza kwa sauti, "Nani amemaliza maji?" Kisha akamnyooshea Nafula kidole. Eti anawauzia majirani maji moto kwa mlango wa nyuma. Uongo mtupu! Nafula alifutwa papo hapo, mashuka mabichi mikononi, wageni wakitazama. Huruma ikambandika jina, Mama Maji Moto, na watoto wa ploti wakawa wanamwimbia akipita. Hakusahau.

Mwaka wa tisini na tisa umeme ukaanza kukatwa kwa zamu, na hita zetu zikawa mapambo ya ukutani. Wehliye akaamua kuweka boila ya gesi. Fundi aliyeletwa alikuwa yule yule Phares, tumbo mbele, penseli sikioni.

"Kumbe uko hapa, Mama Maji Moto?" akacheka. "Boss, huyu umchunge."

Nafula aliendelea kukunja mashuka. Akasema tu, "Karibu, fundi."

Phares akamuuliza gesti ina vyumba vingapi, akajibiwa. Akauliza maji moto yanayotumika kwa siku, akajibiwa ukweli mtupu. Akapiga hesabu akasema boila ndogo itatosha, itapasha maji polepole mchana kutwa. Hakuuliza watu huoga saa ngapi. Angeuliza angejua kwamba kila alfajiri Nafula aliwaamsha wageni orofa moja baada ya nyingine. Wa juu hawakugongewa mlango mpaka wa chini wamalize kuoga na maji yapate moto tena. Utaratibu huo ulikuwa wake mwenyewe, na ndio uliotufanya tuonekane tuna maji mengi.

Wehliye hakuwa mjinga. "Wallahi, maji ikipoa, unatoa hii unaleta kubwa, na gharama ni yako," alimwambia mbele yetu. Phares akakubali huku akicheka.

"Mbona hukumwambia?" nilimuuliza Nafula jikoni.

"Ameniuliza?"

Boila ikafungwa. Nafula akaendelea kuamsha watu kwa orofa, maji yakatosha, na Phares akavimba kichwa. Desemba akaikodi gesti nzima kwa ajili ya wakwe zake kutoka Bungoma, waliokuja kwa harusi yake na binti aitwaye Triza. "Wataoga maji yangu!" alijigamba. Nafula aliposikia hivyo alinishika mkono akaniminya mpaka nikaumia.

Phares pia alikuwa Mbukusu. Kwao mwanamume na mama mkwe wake hawakaribiani. Akimwona njiani humkwepa. Kumwona akiwa hajavaa vizuri ni balaa inayoitisha wazee.

Asubuhi ya harusi Nafula hakufuata orofa. Alipita akigonga milango yote, chini hadi juu, bila kupumzika. "Amkeni! Maji ni moto, ogeni!" Bomba zote zikafunguliwa pamoja. Punde nikasikia mayowe ya baridi kila upande. Mjomba wa bibi harusi akatoka na povu masikioni, akaagiza Phares aitwe kutoka kwake mtaa wa nyuma.

Phares akaja mbio, spana mkononi, suruali ya suti tayari mwilini. Kulikuwa na mlango wa uani uliofika moja kwa moja kwenye boila, lakini ulikuwa umefungwa, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Nafula.

"Pitia ndani, fundi," alimwambia. "Mwisho wa korido."

Mwisho wa korido, kabla ya kuifikia boila, ndiko kulikuwa na bafu za wanawake. Mlango ukafunguka, mama mkwe akatoka akilaani, leso moja tu mwilini, sabuni usoni. Alipojipangusa macho, aliyesimama mbele yake alikuwa Phares.

Spana ilianguka. Mama akapiga ukemi, akarudi ndani akajifungia. Mjomba akatangaza hakuna harusi siku hiyo mpaka wazee wakae na jambo litakaswe. Triza aliketi ngazini, rola kichwani, akilia. Msichana hakuwa na kosa, najua. Nafula hakumtazama.

"Nani amemaliza maji?" mjomba akanguruma.

Wallahi, kidole cha Phares kilianza kuinuka kumwelekea Nafula, kwa mazoea! Nafula akamsogelea.

"Waambie nimewauzia majirani. Mlango wa nyuma umefungwa, enda uangalie."

Kidole kikashuka. Wehliye alikuwa amesimama hapo, na wakwe wote.

"Boila ni ndogo," Phares akasema.

"Sikusikia," Nafula akasema.

"Boila ni ndogo. Hata ile ya kwanza ilikuwa ndogo. Huyu mama hakuuza maji."

Nafula akatoa ufunguo mfukoni, akauweka kwenye kiganja cha Phares.

"Sasa pitia uani," akamwambia, "ulete kubwa." Kisha akapanda ngazi kwenda kukusanya mashuka.